Mgongo wa Baba Mkwe

Mkurugenzi wetu mpya alifika Mpanda na kompyuta yake ya mkononi, viatu vilivyong'aa, na imani kwamba kiongozi ni mtu anayesikika. Viatu vilikwisha kung'aa ndani ya wiki, maana kiwanda cha mpunga hakina huruma na viatu. Imani ile ilikaa, na ndiyo iliyotaka kuvunja nyumba ya watu.

Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda hicho. Tunakausha mpunga, tunakoboa, tunapanga mchele kwa madaraja na kuupakia. Mashine zina wenyewe. Kazi yangu mimi ni watu: nani anaajiriwa, nani amefiwa, nani amegombana na nani hadi hawawezi kubeba gunia moja pamoja. Nina mdomo, hilo nalikubali. Kiwandani wananiita Mama, hata walionizidi umri, na nikikasirika kila mtu anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa ghala.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Naliweka hilo mapema kwa sababu nitamsema sana hapa. Alikuwa anafika kabla mlinzi hajabadilishana na mwenzake, na mchana anakula ugali na wapakiaji bila kujifanya. Simu ya mama mkwe wake ikiingia alikuwa anasimama. Hata akiwa peke yake ofisini atasimama, atainamisha kichwa, atasema "shikamoo mama" kana kwamba mama yule anamwona kutoka huko mbali alipo. Nimemwona kupitia dirishani mara nyingi na kucheka peke yangu.

Alisema tunapoteza vipaji, na alisema kweli. Kabla yake, msimamizi akiondoka nafasi yake ilichukuliwa na mtu aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, hata kama kazi yake kubwa ilikuwa hiyo ya kukaa. Yeye alikataa. Alizunguka kila kitengo, akauliza maswali, akasikiliza. Mwisho akamchagua mwanamke kijana kutoka kitengo cha madaraja kuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, kwa majaribio. Nilifurahi mpaka nikampigia makofi kikaoni. Binti yule alikuwa na jicho la kuona mahali kazi inapokwama kabla haijakwama. Alipoingia kwenye madaraja ugomvi ulipungua, na mchele ukaanza kutoka na chenga chache, zile punje zilizovunjika.

Tatizo lilikuwa tanurini.

Tanuri letu linachoma pumba, na moto wake ndio unaokausha mpunga. Moto ukizidi, punje inapasuka na mchele wote unatoka chenga. Aliyelishika tanuri hilo alikuwa mzee mmoja mtulivu, wa jamii ya wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe kutoka kaskazini, akiishi Magamba. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wa msimamizi wetu mpya. Mwanawe, mume wa binti, ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Kwa hiyo binti aliishi kwenye mji wa mzee, boma lake, akilea mtoto na kupika, na asubuhi wote wawili walikuja kazini kwa njia tofauti.

Nasema njia tofauti kwa sababu kila ukoo una miiko yake ya ukwe, na wa mzee huyu ulikuwa mkali. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawapiti mlango mmoja kwa pamoja, hawasemeshani. Itaendelea hivyo mpaka siku mzee atakapomkabidhi mkwe wake mbuzi jike mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Siku hiyo wanasema mkwe amefunguliwa mdomo. Siku yenyewe anaichagua mzee, na hakuna anayemuuliza lini.

Binti alipata namna yake. Asubuhi alisimama nje ya banda la tanuri, mgongo ukutani, akasema kwa mama anayefagia pumba, "Leo umeingia mpunga wa Kabungu, una maji. Moto uanze pole." Mama yule hakuwa na haja ya kuupeleka ujumbe. Mzee alikuwa ameshausikia na ameshapunguza pumba. Ukipita hapo ungedhani tanuri lina akili zake.

Halafu mkurugenzi akaleta mstari.

Mstari ulikuwa hivi. Kila asubuhi wakuu wa vitengo wanajipanga uwanjani, msimamizi wa zamu anasimama mbele yao, anamwita mmoja mmoja, wanatazamana machoni, anampa maagizo kwa sauti. Mkurugenzi aliuita utamaduni wa kusema wazi. Alibandika na bango kubwa getini: KIONGOZI ANASIKIKA. Msimamizi wa zamu ya jioni aliupenda sana. Alikuwa anafoka mpaka kunguru wanahama paa, na mkurugenzi anatikisa kichwa kwa furaha. Hakuna aliyemuuliza mtu huyo mbona zamu yake kila siku ina watu wanaoomba ruhusa ya kwenda hospitali.

Binti alipofika kwa mzee wa tanuri kwenye mstari, alitazama chini na kusema maneno yake kwa mtu wa pembeni. Kila siku. Na kila siku mkurugenzi akaandika kitu.

Nilimfuata ofisini. Nikamweleza habari ya ukwe, nikaomba mmoja wao ahamishiwe zamu nyingine.

"Mama," akanijibu kwa upole, "mzee ndiye anayelijua tanuri, na binti ndiye anayeijua zamu ya asubuhi. Nikiwatenganisha napoteza wote. Na nikianza kupanga kazi kwa ndoa za watu nitaishia wapi? Hapa hakuna mkwe. Hapa kuna wafanyakazi."

"Wanaotoka nyumba moja."

"Ya nyumbani yabaki nyumbani."

"Kazi yao inakwenda, Bosi. Mzee hajawahi kukosa agizo hata moja."

"Inakwenda kwa bahati. Mtu asiyeweza kumtazama mzee mmoja machoni, kesho ataniongozea watu wote hao?"

Nilitoka na kubamiza mlango. Najua haukuwa utu uzima, lakini mkono ulishatangulia.

Wiki ile wenye kiwanda walikuwa wanakuja kutoka Dar. Mkurugenzi akatangaza kwamba siku ya ugeni ndiyo ya kumpima msimamizi wa asubuhi. Akiongoza mstari sawasawa, anathibitishwa. Akishindwa, nafasi anapewa yule wa kufoka. Alimwambia binti mbele yangu, tena kwa nia njema, kama mwalimu anayemtia moyo mtoto kabla ya mtihani. Binti akaitikia, "Sawa, Bosi." Nikamfuata nje nikamuuliza atafanyaje.

"Sijui, Mama," akasema. "Nikimsemesha nimemvunjia heshima baba mbele za watu. Nisipomsemesha nimekosa kazi. We ungefanyaje?"

Nilitaka kumwambia litapita, nikaona nitakuwa namdanganya.

Siku ya ugeni hewa ilikuwa nzito, mvua imegoma kunyesha. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki kivulini. Wakuu wa vitengo wakajipanga. Nyuma yao walisimama wapakiaji na akina mama wa kufagia, na karibu wote walikuwa wanajua. Ndicho kilichonitesa zaidi. Uwanja mzima ulielewa kasoro wale wenye kuamua.

Binti akaanza. Mkuu wa mizani akaitwa, akapewa maagizo. Mkuu wa kukoboa. Mkuu wa madaraja. Sauti yake ilikuwa safi, wala haikutetemeka. Akafika kwa baba mkwe wake, akatazama chini, akageukia pembeni kama kawaida.

"Hapana," mkurugenzi akasema. "Mtazame. Mwambie mwenyewe."

Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya wageni. Nilisikia bodaboda ikipanda kilima huko barabarani. Binti alifungua mdomo, akaufunga. Mikono yake ilikuwa imeshika pindo la kitenge alichojifunga juu ya nguo ya kazi.

"Tunakusubiri," mkurugenzi akasema.

Hapo mzee akavua kofia yake. Akaishika mbele ya kifua, akageuka taratibu, akaupa uwanja mgongo. Akasimama hivyo, ametazama ukuta wa ghala, shingo imenyooka.

Akina mama nyuma walishusha pumzi kwa pamoja. Tulielewa. Mzee alikuwa amempa mkwe wake nafasi. Akiwa amegeuka, binti anaweza kusema na uwanja mzima ukasikia, naye akapokea agizo bila yeyote kati yao kuvunja kitu. Na binti akainua uso, akavuta pumzi, akaanza, "Tanuri leo..."

"Mzee!" Mkurugenzi alikuwa amesimama. "Unamgeuzia mgongo kiongozi wako? Mbele ya wageni?"

Mzee hakugeuka. Angegeuka angemtazama mkwe wake usoni.

"Mzee, nageuziwa mgongo? Geuka!"

Nikapaza sauti, "Bosi, subiri!" lakini hasira ilishampanda, na aibu ya wageni juu yake. Akamsimamisha kazi palepale. Kwa sababu ya dharau, akasema, na ili kumlinda msimamizi kijana. Alidhani anamtetea! Mzee akavaa kofia, akapita kando ya ukuta bila kugeuza uso, akachukua baiskeli yake, akatoka getini chini ya lile bango.

Binti alinifuata ofisini. Nilimvutia kiti, akakataa kukaa.

"Mama, jioni narudi wapi?"

Nilifunga mlango ili wengine wasisikie.

"Nyumbani kwangu ndo kwake. Nikirudi, mi ndo nimemfukuzisha baba kazi. Mama mkwe ataniangaliaje? Ndugu wengine watasema nini? Nikienda kwetu, mtoto wa watu naye je? Hawataniruhusu nimchukue." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hicho cheo kichukueni nyie. Mpeni mtu yeyote. Mi nataka tu pa kurudi."

Nilinyanyuka. Sikumbuki kutembea uwanjani. Nakumbuka kusimama ndani ya ofisi ya mkurugenzi, wageni wakinywa soda, na mimi nikisema kwa sauti isiyofaa ofisini kwamba twende Magamba sasa hivi.

"Mama, nina wageni."

"Wageni wana gari na hoteli. Yule binti hana pa kulala."

Akanishika mkono, akanitoa hadi kwenye korido. Alikuwa amekasirika, na mimi nilikuwa nimekasirika zaidi, na kwa jinsi tulivyokuwa tunanong'ona kwa ukali ungedhani tunagombea shamba. Akaniambia nimemwaibisha. Akaniambia angeweza kuniandikia barua ya onyo. Nikamwambia aiandike, lakini kwanza anijibu swali.

"Mama mkwe wako akipiga simu, kwa nini unasimama?"

Akanitazama.

"Nakuona dirishani. Hakuna mtu ofisini, yeye yuko mbali, haoni kitu. Unasimama kwa ajili ya nani?"

Aliangalia chini, kwenye viatu vyake vya vumbi. Hasira ilimtoka usoni kidogo kidogo, ikaingia kitu kingine ambacho sikufurahia kukiona, maana nilianza kumwonea huruma.

"Nikikaa, najisikia vibaya," akasema mwishowe.

"Basi. Na mzee wa watu umemwambia akae."

Tukaondoka na gari lake. Binti alikaa nyuma. Njia ya Magamba ilikuwa ya vumbi na mashimo, mahindi yamesimama pande zote, na mkurugenzi akiendesha polepole kuliko ilivyohitajika. Tulipokaribia, binti akaomba ateremke kabla. Akazunguka mji wote kwa nyuma, akaingilia jikoni. Mkurugenzi alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Mzee alikuwa kando ya zizi, anafunga upya ngozi ya nira. Alitukaribisha, akatupa vigoda, akaagiza maji. Mke wake alipokuja na maji, nikasikia sauti ya binti kutoka jikoni, haikuelekezwa kwa yeyote: "Ndama mwekundu hajanywa leo." Mzee hakuinua kichwa. Alimaliza fundo alilokuwa analifunga, akainuka, akamfungulia ndama, akampeleka kwenye beseni. Akarudi kukaa. Baadaye kidogo akasema, akiiambia nira yake, kwamba kuni za upande wa mashariki ndizo kavu. Jikoni tukasikia hatua zikielekea mashariki.

Mkurugenzi alitazama haya yote. Mimi nilimtazama yeye. Nadhani hapo ndipo alipoona alichokuwa nacho kiwandani: watu wawili ambao kwa miaka wameendesha mji mzima, watu na ng'ombe, bila kufokeana hata mara moja, naye alikuwa anawapima kwa kelele.

"Mzee, nimekukosea," akasema.

Mzee akaigeuza nira mapajani.

"Mi sikumpa mgongo kwa dharau," akasema. "Nilimpa nafasi aseme. Alikuwa anataka kusema vizuri tu, we ukamkata."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Umeshafanya vingi leo."

Mke wa mzee alicheka, na mimi nikacheka. Mzee alikubali kurudi kazini kwa sharti moja, kwamba binti asiulizwe tena kwa nini anatazama chini. Kisha akamwita mkewe karibu, wakasemezana kwa lugha yao. Mke wake akashtuka. Akamuuliza kitu, mzee akajibu neno moja. Baadaye mama yule alinieleza kwenye gari la kurudi mjini, alipoomba lifti ya sokoni: mzee ameamua mbuzi atoke mwezi huu. Alikuwa amepanga iwe mtoto akianza shule, na watu wengi, na ngoma. "Mmemharakisha," akaniambia, bila ukali. Lilinichoma, ingawa sikuwa mimi niliyebandika bango.

Asubuhi iliyofuata mkurugenzi alisimama mbele ya mstari, akaomba radhi, akamthibitisha binti. Akaenda getini kulibandua bango yeye mwenyewe. Gundi ilikuwa kali, likachanika, akabaki anakwangua kwa kucha huku wapakiaji wakimpa ushauri. Hakutuambia amejifunza nini, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini alianza kukaa na kila msimamizi, akiuliza watu wake wanaishije na wanaambianaje mambo. Yule wa kufoka aliulizwa kuhusu wagonjwa wake wa kila siku. Sikuwepo, ila alitoka humo ndani ameloa jasho.

Mbuzi alitolewa siku ya Jumapili. Sisi wa kazini hatukualikwa, na ilikuwa sawa.

Jumatatu nilikuwa tanurini na mkurugenzi, tunaangalia banda linalovuja. Binti akaja. Safari hii hakusimama ukutani. Aliingia mpaka ndani, akasimama hatua chache kutoka kwa mzee. Nilidhani atatoa agizo. Mkurugenzi naye alidhani hivyo, nilimwona amejiweka tayari kulisikia.

"Baba," binti akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Umekula?"

Alikuwa amempikia miaka yote ya ndoa yake, asubuhi na jioni, na hajawahi kumuuliza.

Mzee aliweka koleo la pumba chini. Aligeuka, akamtazama usoni.

"Nimekula, mama. Unapika vizuri sana. Siku zote nilikuwa nataka kukwambia."

Binti akajifunika mdomo kwa kitenge. Alisimama hivyo kidogo, kisha akajipangusa macho na kusema kwamba mpunga wa leo ni mkavu, moto uwe mdogo. Mzee akaitikia, akachukua koleo lake.

Tulitoka nje. Mkurugenzi alitembea hadi katikati ya uwanja, akasimama.

"Mama," akaniuliza, "hivi sisi tulishawahi kumwambia binti?"

"Nini?"

"Kwamba anafanya vizuri."

Nilifikiri tangu siku aliyoajiriwa, mafunzo, majaribio, mistari yote ile.

"Hapana, Bosi," nikasema. "Bado."